Maji ya Kwao Gwassi

Mama yangu alizaliwa juu kwenye milima ya Gwassi, karibu na mahali mto wao unapoanzia, akaolewa Uriri, nchi ya miwa na mahindi. Kwa miaka yote aliyoishi Uriri, majirani hawakumwita kwa jina lake. Walimwita nyar Gwassi, yaani binti wa Gwassi, kwa sababu kwetu mke huitwa kwa kwao. Nadhani ndiyo maana hakupata nafasi ya kusahau alikotoka. Kila aliyemsalimia alimkumbusha.

Huko Uriri alilalamikia kitu kimoja tu, maji. Tulikunywa ya kisima, na kiangazi kilipozidi tulikunywa ya kidimbwi. Mama alikuwa akinywa, anashusha kikombe, anakitazama ndani.

"Haya yanazima kiu," alisema, "lakini si maji."

"Basi rudi kwenu ukanywe," baba alimjibu, enzi za uhai wake.

"Nitarudi vipi na ng'ombe wa mahari uliowaleta walishaliwa? Vumilia tu."

Mimi na dada yangu tulikuwa tunacheka. Chemchemi hiyo tuliijua kwa maneno. Tulipoenda kumsalimia mjomba tuliishia nyumbani kwake, mlima ukiwa umesimama nyuma ya jiko lake. Tulichinjiwa kuku, tukalala siku moja, tukarudi. Hakuna aliyetupandisha juu, na sisi hatukuomba. Watoto hawadhani mlima utawahi kuwa na haja nao.

Figo za mama zilikataa kufanya kazi mwaka uliofuata baada ya mimi kumaliza chuo. Nilikuwa nimesomea afya ya jamii, nikatuma maombi ya kazi kila mahali, na kila mahali wakanyamaza. Dada yangu alikuwa ameolewa Migori mjini, ana watoto wadogo na duka. Mimi ndiye sikuwa na cha kufanya, kwa hiyo mimi ndiye niliyekaa na mama. Tulipanga chumba kimoja Homa Bay, si mbali na hospitali, ili mara mbili kwa wiki niweze kumpeleka kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu. Alikuwa na mrija ulioshonwa upande wa shingo, umefunikwa kwa kitambaa cheupe, na mimi niliuogopa mrija ule kuliko yeye mwenyewe alivyouogopa. Niliota umechomoka. Nikiwa macho niliwaza umeingiwa na uchafu.

Daktari alitueleza kwamba kati ya siku moja ya mashine na nyingine, mama asinywe zaidi ya nusu lita kwa siku, pamoja na chai na uji. Figo hazitoi, alisema, kwa hiyo kila anachokunywa kinabaki ndani na kupanda hadi kwenye mapafu. Nilitafuta kikombe kidogo cha plastiki, nikaweka alama ya kalamu, nikawa mlinzi wa maji ya mama yangu.

Dirisha la chumba chetu lilitazama ziwa. Sijui ni nani aliyefikiri jambo hilo ni zuri. Mama alikaa kitandani, midomo imekauka hadi inapasuka, akitazama maji yaliyofika mwisho wa macho. Alinyonya kipande cha ndimu. Alilowesha leso akaibana kwa meno. Siku moja nilirudi kutoka sokoni nikamkuta amepiga magoti kando ya beseni, ameinamisha jagi la kunawia mikono, anakunywa. Alisikia mlango lakini hakuacha. Alimaliza alichokuwa nacho mdomoni, akameza, kisha akaliweka jagi chini polepole.

Nilimgombeza. Nilimwambia maneno ambayo mzazi humwambia mtoto aliyekutwa na sukari. Yeye alijifuta mdomo.

"Hata maji ya kunawa ni matamu sasa," alisema. "Umeona dunia."

Niliketi sakafuni karibu naye kwa sababu sikujua pa kuuweka uso wangu. Ndipo alipoomba.

"Kama ni kikombe kimoja tu kwa siku," alisema, "basi siku moja kikombe hicho kiwe cha kwetu. Kile cha juu, pale mto unapotokea. Sitaongeza hata tone. Niletee hayo tu."

Mtu mwingine angechukua mtungi na kwenda. Mimi kwanza nilimuuliza daktari. Alikuwa kijana kama mimi, amechoka, na alinijibu huku akiandika.

"Maji ni maji. Mradi yawe safi na asipitishe kipimo."

Nilitoka na neno hilo, safi. Nililigeuza kichwani siku nne.

Dada yangu alikuja kukaa na mama kwa siku mbili, nami nikaondoka alfajiri na jerikeni mpya ya lita tano. Hadi Kisegi ilikuwa barabara. Kutoka sokoni Kisegi, ambako akina mama walikuwa wanaanika omena, dagaa wa ziwani, kwenye nyavu, nilichukua boda boda iliyonipeleka hadi pikipiki iliposhindwa na mawe. Nyumba ya mjomba ilikuwa palepale nilipoiacha utotoni, ila ilionekana ndogo, na mlima ulionekana mkubwa zaidi.

Mjomba ni kaka wa mama anayemfuata kwa kuzaliwa. Ni mwembamba, mrefu, na hawezi kuongea na mtoto wa dada yake bila kumtania.

"Okewo amefika," alimwambia mkewe. Okewo ndiyo neno letu la mtoto wa dada. "Funga kuku wote. Na ameleta jerikeni. Siku hizi wavulana wa Uriri ndio wanateka maji?"

"Huko wanawake wamesoma," mke wa mjomba alisema. "Amekuja kujifunza kazi."

Nilipowaeleza ombi la mama, kicheko kilitoweka usoni mwao. Mjomba aliangalia mlima, kisha akaniangalia mimi.

"Hatuteki pale siku hizi," alisema.

Alinieleza taratibu, akinipa muda wa kuelewa. Binamu yao mmoja, mtu mzima aliyekuwa na kifafa, alikuwa amepanda kutafuta mbuzi, akainama kunywa kwenye chemchemi, na kifafa kikamshika hapo hapo. Walimkuta asubuhi, uso ndani ya maji yasiyofika hata kiwiko. Habari za kifo hicho tulizipata Uriri. Kilichofuata hatukukijua. Kwa desturi yao, mahali alipofia mtu wa nyumbani namna ile, watu wa nyumbani hawapagusi tena mpaka okewo aje kupasafisha. Mtoto wa dada ni wa nyumbani na si wa nyumbani, kwa hiyo kazi ambazo mikono ya wenyewe imekatazwa huwa ni zake. Tangu siku hiyo walikuwa wanateka chini, mahali mto unapokatiza njia ya ng'ombe.

"Mbona hamkutafuta okewo?" niliuliza.

"Tumewatafuta sana. Mmoja yuko Mombasa. Mmoja anasema ameokoka. Na wewe ulikuwa chuo kikuu unasomea vyoo."

"Mimi ni Msabato," alisema mke wa mjomba, akipepeta mtama bila kuinua kichwa. "Katika hayo mambo simo kabisa. Lakini hata mimi siteki pale."

Tulipanda mimi na mjomba. Mwanzoni njia ilipita katikati ya mtama na mihogo, kisha mashamba yakaisha, yakabaki mawe na nyasi ndefu, na mto ukawa unasikika upande wa kushoto bila kuonekana. Mjomba alikuwa na viatu vya mpira na fimbo, na alitembea kana kwamba anateremka. Mimi nilisimama kila baada ya hatua mia, nikijifanya natazama mandhari. Mandhari yenyewe ilistahili kutazamwa. Ziwa lilikuwa limelala chini, la rangi ya bati, na visiwa vimetawanyika juu yake. Upande wa kusini milima ilifuatana, mgongo nyuma ya mgongo, kila mmoja umefifia kuliko uliotangulia, mpaka mgongo wa mwisho ambao sikuweza kusema kama ni mlima au ni wingu. Mjomba alinyoosha fimbo akaniambia huko nyuma ndiko Migori, upande wa kwetu. Sikuamini kwamba nchi yetu tambarare ilikuwa karibu namna hiyo na mahali hapa.

Nilimfikiria mama akiwa msichana, na mtungi kichwani, akiiona hii kila asubuhi. Hakuwahi kutuambia habari za mandhari. Alituambia habari za maji tu.

Kadiri tulivyopanda ndivyo mto ulivyopungua. Kwanza tuliuvuka kwa kurukia mawe, kisha kwa hatua moja, kisha ukawa mchirizi usiozidi mkono wangu. Tuliingia kwenye kipande cha msitu kilichobaki, miti mikubwa michache na visiki vingi, hewa ikawa ya baridi na ukungu ukaanza kupita kati ya matawi. Ilifika mahali hata mchirizi haukuwepo, ni udongo tu uliolowa.

"Ni hapo," mjomba alisema, akasimama.

Nilikuwa nimetarajia mwamba unaotoa maji, au angalau sauti. Nilichokiona ni shimo la upana wa sinia, limejaa majani yaliyooza, jeusi, linatoa harufu ya kitu kilichofungiwa muda mrefu. Mjomba alibaki hatua kumi nyuma, kwenye mzizi wa mti, na hakusogea tena.

"Anza na majani," aliniambia.

"Hakuna jembe?"

"Jembe linavunja mshipa wa maji. Mikono."

Nilikunja mikono ya shati. Nitasema ukweli, niliwaza magonjwa matano kwa majina yake ya Kilatini kabla vidole vyangu havijagusa matope. Halafu niliwaza uso wa yule mtu. Nilipoinama ili mkono ufike chini, uso wangu ulikuwa pale pale uso wake ulipokuwa, na niliugeuza pembeni, nikafanya kazi nikiwa natazama viatu vya mjomba.

Nilitoa majani kwa konzi. Nilitoa matope, mizizi myembamba kama nywele, chura mmoja aliyekuwa amelala na aliyeniangalia kwa kuudhika. Chini ya matope nilipapasa mawe. Mjomba alisema hayo ni ya nyanya yangu, mama yake mama, ndiye aliyeyapanga kuzunguka jicho la chemchemi ili lisiporomoke. Mengine yalikuwa yameangukia ndani. Niliyatoa moja moja, nikayaosha, nikayarudisha kwa kubahatisha, na mjomba kwa mbali aliniambia hapana, geuza, hapana, hilo la bapa si la hapo. Mkono wangu wote ulikuwa umekufa ganzi kwa baridi.

Kwa muda mrefu kilichotoka ni tope. Tulikaa tukasubiri. Kisha, bila ishara yoyote, nikaona kwamba naona chini. Maji yalikuwa yamesafika kuanzia katikati kwenda nje, na pale chini kabisa chembe za mchanga zilikuwa zinainuka na kuanguka, zinainuka na kuanguka, mahali pasipozidi ukucha wa kidole gumba. Mto wote tuliouvuka ulikuwa unatokea pale.

"Sasa kunywa," mjomba alisema. "Okewo anakunywa kwanza, sisi tunafuata."

Nilijaza viganja, nikaviinua mdomoni, na nikayaacha maji yapite kati ya vidole. Nilijifuta midomo. Mjomba hakuwa na sababu ya kunishuku. Alikuja, akapiga magoti, akanywa kwa muda mrefu, akapumzika, akanywa tena. Alipoinuka alikuwa na machozi, au ni maji, na hakusema neno lolote la utani hadi tulipofika nyumbani.

Nyumbani nilimwomba mke wa mjomba sufuria na moto.

"Unapika nini?"

"Nachemsha maji ya mama."

"Unapika maji." Alimwita mumewe aje aone. "Mama yako alikulia kwenye maji haya. Kijana, yalimuua lini?"

"Ni mgonjwa, shangazi. Si kama zamani."

"Mgonjwa wa kiu unampelekea maji yaliyopikwa. Sawa. Kuni hizo hapo."

Nilichemsha. Yalipochemka niliyaacha yachemke dakika zingine kumi, kwa sababu nilikumbuka maelezo kuhusu miinuko, kwamba mlimani maji huchemka mapema kabla ya joto kutosha. Niliyachuja kwa kitambaa, nikayasubiri yapoe, nikajaza jerikeni. Nilifanya kila kitu nilichofundishwa. Mke wa mjomba alinitazama, na baada ya muda alinionea huruma akanisaidia kushika kitambaa.

Nilifika Homa Bay kesho yake mchana. Dada yangu alinipokea mlangoni akaninong'oneza kwamba mama hakunywa chochote tangu asubuhi. Alikataa chai. Alikuwa anahifadhi nafasi.

Nilimimina kwenye kikombe chenye alama, nikakijaza hadi kwenye mstari. Mama alikaa vizuri, akajifunga leso upya, akakipokea kwa mikono miwili. Alifumba macho. Alinywa funda moja, akalishikilia mdomoni, na nikaona uso wake ukisubiri. Kisha akameza na kufungua macho, na sikuhitaji kuambiwa.

"Umeyapika," alisema.

"Nimechemsha kidogo tu, Mama. Kwa usalama."

"Yananuka moshi."

Dada yangu aligeuka akatazama dirishani. Mimi nilianza kueleza kuhusu mrija, na wadudu, na daktari alivyosema. Mama alininyamazisha kwa mkono, si kwa hasira. Alikiangalia kikombe, na kwa kuwa kiu yake ilikuwa ya kweli na kipimo chake cha siku kilikuwa ndicho hicho, alikinywa hadi mwisho. Sijawahi kuona mtu akinywa kwa huzuni namna ile.

"Si kitu," alisema. "Umefika juu lakini. Niambie."

Nikamwambia. Nilimweleza chemchemi ilivyokuwa imeziba na jinsi mchanga unavyocheza pale chini, na aliitikia kwa kichwa kila neno. Aliuliza kama mawe ya mama yake yapo. Nilisema yapo, nimeyarudisha.

"La bapa umeliweka upande gani?"

Sikukumbuka.

"Linakaa upande wa jua kutoka. Ndipo unapopigia magoti." Alilala, akaivuta shuka. "Ukirudi tena, usiyapike."

Nilisema nitarudi wiki ijayo, na nilimaanisha.

Wiki ijayo ilifika. Nilikaa nikapima. Kama nikimletea mabichi akaugua, nitakuwa mimi ndiye niliyemuua, nikiwa na shahada inayosema ninajua zaidi. Nisipomletea, atakufa akiwa na kiu ya kitu kimoja tu alichoomba. Lakini labda hatakufa karibuni. Lakini mvua imeanza, njia itateleza. Lakini wanakijiji wanayanywa tangu zamani. Lakini wao hawana mrija shingoni. Nilikuwa nikifika mwisho wa hoja naanza upya kutoka upande wa pili, na kila mara hoja ilisimama vizuri. Zilipita wiki tatu. Mama hakuuliza tena hata mara moja. Alimaliza yale ya jerikeni kidogo kidogo, kikombe kwa siku, bila kulalamika kuhusu moshi, na hilo la kutolalamika ndilo nililopaswa kulisikia.

Kisha presha yake ikaanza kushuka akiwa kwenye mashine, wakawa wanamtoa kabla ya muda. Alilazwa. Daktari alituita mimi na dada yangu kwenye veranda ya wodi, na safari hii hakuwa anaandika chochote.

"Kaeni naye karibu," alisema.

Dada yangu alirudi ndani akakaa naye karibu. Mimi niliondoka kwenda Gwassi.

Sikuchukua jerikeni, nilichukua chupa ya soda ya nusu lita. Nilifika kwa mjomba jioni, nikalala, na asubuhi mapema nilipanda peke yangu kwa sababu njia nilikuwa naijua. Ilikuwa imenyesha, mto ulikuwa na sauti. Kule juu nilikuta wanawake wawili wakijaza mitungi yao. Waliniita okewo na kunipisha. Watu walikuwa wamerudi kunywa pale. Jiwe la bapa lilikuwa limehamishwa upande wa mashariki, na sehemu yake ya juu ilikuwa na mabonde mawili laini ambayo mara ya kwanza sikuyaona.

Nilipiga magoti hapo, nikajaza chupa. Halafu nikanywa, kweli, kwa viganja, hadi meno yakauma. Nilitaka kujua ni nini nilichokuwa nimemnyima. Maji yalikuwa baridi, na kwa nyuma yana ladha ya jani, au ya jiwe, sijui. Sikuona tofauti kubwa na maji mengine. Niliinuka na aibu hiyo nikateremka nayo.

Niliingia wodini mchana. Mama alikuwa amelala, amepungua, kichwa kimezama kwenye mto. Muuguzi wa zamu, mama mmoja mtu mzima mwenye miwani, alinisimamisha akaionyesha chupa kwa kidole.

"Hiyo ni ya nini?"

"Ni maji ya kwao. Ameyaomba."

"Yamechemshwa?"

Maisha yangu yote nimekuwa mtu anayechelewa kujibu. Napima hata nikiulizwa saa. Lakini pale nilijibu mara moja.

"Ndiyo."

"Basi vijiko vichache tu. Na umwinue kichwa."

Dada yangu alikuwa ametoka kwenda kuoga. Nilimwinua mama kwa mkono mmoja, nikamimina kijiko cha kwanza, na chote kikatokea pembeni mwa mdomo kikashuka hadi karibu na kile kitambaa cheupe cha shingoni. Niliyafuta maji kwa ncha ya shuka. Kijiko cha pili alikimeza. Niliona koo likipanda na kushuka. Kijiko cha tatu alikimeza pia, na midomo ikabaki wazi kidogo.

"Mama," nilimwambia, "haya sikuyapika."

Nilisema kwa Kijaluo ili muuguzi asielewe, maana mimi na yeye tulikuwa tumeongea Kiswahili. Kisha nikamsikia, kitanda cha pili, akimwambia mgonjwa mwingine ageuke, na alimwambia kwa Kijaluo safi cha kwetu. Nilibaki na kijiko hewani. Hakugeuka. Alimaliza kumfunika mgonjwa wake, akasukuma kigari chake akaenda upande wa pili wa wodi.

Nilimpa mama kijiko cha nne, akakimeza. Hakufungua macho. Nilimwuliza kama ndiyo yenyewe. Nilisubiri. Pumzi yake ilikuja, ikaenda. Nilimwuliza tena, nikaona naanza kumsumbua, nikamlaza.

Jioni alipata homa. Dada yangu aliniuliza kama aliwahi kuwa nayo mchana, nikasema sijui, na ni kweli, sijui. Sikuwa nimegusa paji lake la uso, nilikuwa nashughulika na kijiko. Alifariki siku mbili baadaye, asubuhi, tukiwa wote wawili. Daktari alisema ni moyo, kwamba ulikuwa umechoka kwa muda mrefu. Nilikuwa na swali moja la kumwuliza kuhusu homa ile. Nililipanga vizuri, nikalifupisha, nikatembea naye hadi mwisho wa veranda, na hapo nikamshukuru kwa kazi yake.

Tulimzika Uriri, kando ya baba, kwa sababu ndiko alikoolewa. Watu wa Gwassi walikuja wengi, wakaketi upande wao chini ya hema, na kila aliyesimama kuongea alimtaja nyar Gwassi. Baada ya kaburi kufunikwa, watu walipokuwa wananawa ili wale, mjomba alikuja akasimama karibu nami nyuma ya nyumba. Alikuwa amevaa koti lisilomtosha.

"Alikunywa?" aliniuliza.

"Alikunywa."

"Mabichi?"

"Mabichi. Vijiko vitatu, mbali na cha kwanza kilichomwagika."

Alinishika bega akalibana, na nikaona kifua chake kikishuka kwa pumzi iliyokuwa imekaa humo tangu alipofika. Nilitaka kumwambia na habari ya homa. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Lakini yeye alikuwa tayari anaelekea kwenye hema, akitembea haraka katikati ya watu, kwenda kuwaambia wenzake kwamba dada yao alikunywa.